Usilete Bango, Leta Tatizo: Namna ya Kuandaa Nyenzo za Elimu ya Afya Pamoja na Jamii

Ukitaka kujua kama wananchi walishirikishwa kweli kuandaa bango la afya, usitazame picha za kikao wala karatasi ya mahudhurio. Uliza swali moja tu: ni kitu gani kilibadilika kwa sababu yao? Ukijibiwa kwamba walichagua rangi ya gauni la mama aliyechorwa, jua waliitwa kubariki kazi iliyokwisha kamilika.

Mwongozo huu ni wa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ofisa wa elimu ya afya, mwalimu, kiongozi wa kikundi, au yeyote aliyekabidhiwa kazi ya kutoa kipeperushi, bango, tangazo la redio au video fupi ya simu. Ninachosisitiza toka mwanzo hadi mwisho ni kwamba wananchi waingie kabla ujumbe haujaamuliwa. Mtaalamu anashika ukweli wa kitabibu, na ukweli huo haupigiwi kura. Lakini tatizo liitwe jina gani, nani alisemee, kipi kinawazuia watu, na mtu afanye nini akishaelewa, hayo anayajua zaidi anayeishi nalo.

Wala hili si jambo jipya. Azimio la kimataifa la Alma-Ata kuhusu huduma ya msingi ya afya, la mwaka 1978, lilitamka kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Mkataba wa Ottawa wa 1986 ukaeleza kwamba kukuza afya ni kuwawezesha watu kuwa na usemi zaidi juu ya afya yao na kuiboresha. Mabango mengi tunayoyabandika bado hayajafika hapo.

Hatua ya 1: Andika tatizo, nafasi ya ujumbe iache wazi

Chukua karatasi moja. Juu andika tatizo kwa maneno ya kawaida: nani anaumwa, nini kinatokea, tunajua nini kwa uhakika. Katikati andika mambo ambayo hayabadiliki hata watu wakiyachukia: kipimo cha dawa, dalili za hatari, umri wa chanjo. Chini, palipotengwa kwa ajili ya ujumbe, usiandike kitu. Ukishaandika ujumbe utaupenda, na ukiupenda utawauliza watu maswali ya kukupa jibu unalolitaka.

Kabla hujatoka ofisini, hakikisha mambo mawili. Kwanza, huduma utakayowaelekeza watu ipo? Bango linalosema "wahi kituo cha afya" wakati kituo hakina dawa hiyo huvunja imani, na imani ikishavunjika bango linalofuata halisomwi. Pili, fedha ya kuchapa isilipwe mapema. Nimeona kazi nzuri ikiharibika kwa sababu mwaka wa fedha ulikuwa unaisha na mpiga chapa alishalipwa. Maoni ya watu yakapokelewa kwa heshima zote na kuwekwa kwenye faili. Tenga fedha na siku za kurekebisha rasimu angalau mara mbili.

Hatua ya 2: Tafuta watu wanaohusika, hasa wale wasiokuja mikutanoni

Viongozi lazima waonwe. Bila wao hupati kibali wala heshima. Ila kiongozi anafungua mlango tu. Ndani ya nyumba kuna wengine. Kila mahali pana watu kumi ambao huja katika kila kikao, wanajua lugha ya miradi, na watakuambia kile unachopenda kusikia. Waheshimu, kisha uwatafute wengine: anayeishi na ugonjwa wenyewe, anayemlea mgonjwa, kijana aliyeacha dozi njiani, mzazi ambaye hakumpeleka mtoto kuchanjwa. Huyo wa mwisho ni muhimu kuliko wote, kwa sababu ujumbe uliopita ulimpita yeye.

Wafuate walipo na kwa saa yao. Makundi ya watu sita hadi kumi yanatosha. Tenganisha wanawake na wanaume, vijana na wazee, pale ambapo mmoja atanyamaza akimwona mwingine. Mtu mwenye ulemavu wa kusikia au kuona asiongezwe mwishoni kama nyongeza. Mwite toka siku ya kwanza, na mkalimani wa lugha ya alama awepo.

Bangladesh ilitoa somo hapa. Kati ya 1980 na 1990, shirika la BRAC lilituma wanawake wapite nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kuchanganya maji, chumvi na sukari guru kwa ajili ya mtoto anayeharisha. Walifika kaya zaidi ya milioni 12. Lakini mwanzoni akina mama walielewa vizuri na bado wengi hawakutumia. Uchunguzi ukaonyesha, pamoja na mengine, kwamba wanaume walikuwa wameachwa nje ya mazungumzo, na hata baadhi ya wafundishaji wenyewe hawakuwa na imani na dawa ile. Ikabidi wafundishaji waelimishwe upya, na wanaume wafuatwe sokoni na misikitini. Kwa hiyo unapopanga nani aitwe, usiishie kwa atakayetenda. Jiulize nani nyumbani ana uwezo wa kumwambia "usifanye".

Halafu walipe watu. Mchoraji analipwa, mpiga chapa analipwa. Mama aliyekupa sentensi itakayobeba bango zima naye amepoteza nusu siku ya kazi. Nauli, chakula na posho ya muda, kiasi kilekile kwa kila mmoja na kitangazwe mapema, ili asiwepo anayehisi amenunuliwa wala anayehisi ameibiwa.

Hatua ya 3: Sikiliza, na uandike maneno kama yalivyosemwa

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wengi tunapopita mbio.

Usianze na "mnajua nini kuhusu malaria?" Swali hilo ni la mtihani, na watu watakujibu kama wanafunzi. Anza na kisa: "Hebu nisimulie mara ya mwisho mtoto alipozidiwa usiku. Ilianzaje? Nani alikuwa wa kwanza kuona? Mlimwambia nani? Mkaenda wapi kwanza?" Ndani ya kisa mna kila kitu: majina ya dalili, mtu anayeamua, umbali, deni, hofu, na sababu ya kuchelewa.

Mwenzako mmoja awe anaandika, na aandike maneno yaleyale, asiyanyooshe. Akisema "presha" usiandike "shinikizo la damu". Akisema "sukari imepanda" usiandike "kisukari". Utayahitaji maneno hayo baadaye, maana mtu hulitambua tatizo lake kwa jina analoliita mwenyewe. Fikiria neno "homa" tu. Kwa msemaji mmoja wa Kiswahili ni mwili kuchemka. Kwa mwingine ni mafua na kikohozi. Kipeperushi kinachosema "ukiona homa, wahi" kinawaambia hao wawili mambo mawili tofauti.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua ni degedege. Utafiti uliofanywa Bagamoyo, Tanzania, miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wazazi wengi hawakuiona degedege kuwa ni malaria. Homa ya malaria ilikuwa ugonjwa wa hospitali. Degedege, mtoto anapokakamaa na kugeuza macho, ilihusishwa na mashetani, na tiba ya kwanza ilikuwa ya jadi. Sasa fikiria bango lenye maneno "Malaria inaua, mpeleke mtoto hospitali". Mzazi huyo analisoma, analielewa, analikubali, na mtoto akipata degedege anampeleka kwingine. Alilitii bango. Kosa lilikuwa la mwandishi ambaye hakuuliza ugonjwa ule unaitwaje.

Sikiliza na hofu pia, wala usikimbilie kuisahihisha. Wakati wa mlipuko wa Ebola Afrika Magharibi, ulioanza kujulikana mwaka 2014, baadhi ya ujumbe wa mwanzo ulisisitiza kwamba ugonjwa ule unaua na hauna tiba. Mtu mwenye akili timamu akisikia hivyo atampeleka mgonjwa wake kituoni kufanya nini? Bora afie mikononi mwa ndugu zake. Mazishi nayo yakawa uwanja wa mapambano, hadi mwishoni mwa 2014 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima, ulioandaliwa kwa kushirikiana na Msalaba Mwekundu na taasisi za dini, za Kiislamu na za Kikristo. Pale ambapo maiti haikuweza kuoshwa, kutayamamishwa, yaani kutoharishwa kwa udongo safi pasipo maji, kukakubalika badala yake. Virusi havikulegezewa hata kidogo, na familia haikunyimwa haki ya kumstiri marehemu wake. Jibu lile lisingeweza kutoka kwa madaktari peke yao.

Kama watu wanaona ugumu kusimulia, wape kamera. Katika miaka ya 1990, watafiti Caroline Wang na Mary Ann Burris walifanya hivyo na wanawake wa vijijini mkoani Yunnan, China: waliwapa kamera wapige picha za maisha yao, kisha wakakaa nazo pamoja kuzijadili. Leo simu inatosha. Elezaneni mapema kuhusu ridhaa: asipigwe mtu bila kuulizwa, na mtu aweze kuiondoa picha yake hata baadaye.

Hatua ya 4: Kubalianeni tendo moja

Rudi kwa kundi na yale mliyoyakusanya. Wasomee. Waulize: katika haya yote, ni kipi ambacho mtu wa kawaida anaweza kukifanya kesho asubuhi, na kipi kinamzuia? Kisha chagueni kimoja. Mtaalamu ataumia hapa, kwa sababu ana mambo kumi na yote ni ya kweli. BRAC nao walianza na mambo kumi ya kukumbuka, wakaja kuyapunguza hadi saba, na hayo yalifundishwa ana kwa ana. Bango lina sekunde chache tu mbele ya mpita njia.

Mkikuta kwamba kinachowazuia watu si kutojua bali ni kukosa maji, barabara au fedha, semeni hivyo waziwazi. Wakati mwingine kikao kinachostahili hakizai bango, kinazaa barua kwa mwenye mamlaka ya kuleta maji. Ukikubali hilo, watu wataamini kwamba ulikuja kusikiliza.

Hatua ya 5: Tengenezeni rasimu mkiwa pamoja

Karatasi kubwa, penseli, vifutio. Kompyuta ibaki nyumbani siku hiyo. Kitu kilichokwisha pangwa vizuri kwenye kioo huwaogopesha watu kukikosoa, ilhali mchoro wa penseli unaita mkono wa kuufuta. Mchoraji akae humohumo, achore akisikia, aulize, afute.

Maneno yatungwe kwa mdomo kwanza. Mwambie mmoja: "Jirani yako anatoka sasa hivi, una nafasi ya kumwambia sentensi moja. Mwambie." Rekodi. Sentensi atakayoitoa itakuwa na pumzi ya Kiswahili, tofauti na zile tunazozitafsiri kutoka kwenye nyaraka za Kiingereza. Linganisha: "Wazazi na walezi wanahimizwa kuhakikisha kuwa watoto wao wanapatiwa huduma ya chanjo kwa wakati", na "Mtoto akifikisha miezi 9, mpeleke akachanjwe surua." Ya pili inafaa mahali ambapo dozi ya kwanza hutolewa miezi 9, kwingineko hutolewa miezi 12, kwa hiyo namba ifuate ratiba ya nchi husika. Lakini ona ilivyo fupi, na ilivyo na mtu ndani yake.

Angalia saa. Sisi huhesabu saa kuanzia mapambazuko, na simu zetu huhesabu kuanzia usiku wa manane. "Saa 2:00" kwenye kipeperushi cha dawa ni hatari. Andika "saa mbili asubuhi", au chora jua linachomoza. Vivyo hivyo "kutwa mara tatu": kuna anayemeza asubuhi, mchana na jioni, kisha anakaa muda wa saa kumi na mbili bila dawa, wakati daktari alikusudia kila baada ya saa nane. Kundi lenyewe litakuambia linavyoielewa.

Kuhusu methali nina tahadhari. Ni tamu na hukumbukwa, lakini nyingine hufunga mdomo badala ya kufungua mazungumzo, hasa zinazomlaumu mgonjwa kwa kutosikia la mkuu. Mtu anayeishi na ugonjwa wenyewe aulizwe: ukiliona hili ukutani mbele ya majirani zako, utajisikiaje? Akikunja uso, lifutwe.

Hatua ya 6: Mtaalamu ahakiki ukweli, aachane na mtindo

Rasimu iende kwa daktari au muuguzi kuhakikiwa. Mwombe aweke alama penye kosa la kitabibu tu. Akibadili "kuharisha damu" kuwa "kuhara kunakoambatana na damu", rudisha. Akisema kipimo si sahihi, rekebisha siku hiyohiyo, kisha uwaeleze wanakikundi kwa nini.

Hatua ya 7: Jaribuni kwa watu ambao hawakuwepo

Waliotengeneza hawawezi kuwa wapimaji. Wanajua tayari kilichokusudiwa. Tafuta watu wa aina ileile ambao hawakuhudhuria. Kaa na mmoja mmoja, maana kwenye kundi wa kwanza akisema, wengine humfuata.

Funika maandishi, onyesha mchoro peke yake, uliza: "Unaona nini hapa?" Nyamaza. Kisha funua maandishi, na asiyesoma msomee, halafu endelea polepole: Linakuambia ufanye nini? Linamhusu mtu wa namna gani, ni kama wewe? Kuna neno au kitu kinachokuudhi au kukuaibisha? Ungeamua kulifuata, nini kingekuzuia? Ungemweleza jirani kwa maneno gani? Swali lisilofaa ni "Umeelewa?" Kwa adabu zetu jibu lake ni "ndiyo", hata kama mtu hajaambulia kitu. Na mwambie mapema kwamba si wewe uliyelichora, ili asione haya kulikosoa.

Picha zitakushangaza. Utafiti uliofanywa Nepal kwa ushirikiano wa UNICEF, uliochapishwa 1976, ulionyesha kwamba wanakijiji wasiozoea michoro walizisoma picha tofauti kabisa na walivyotarajia wachoraji, na kwamba aina ya mchoro yenyewe iliongeza au kupunguza uelewa. Mbu aliyechorwa mkubwa kama kuku huonekana ni mnyama mwingine, ambaye hapa kwetu hayupo. Mkono uliokatwa kwenye kifundo ili uonyeshwe unavyonawa huonekana ni mkono uliokatwa. Alama ya mkasi (X) juu ya kitu, ambayo kwetu sisi wa ofisini ni "usifanye", kwa mwingine ni mistari miwili tu. Na mfululizo wa picha nne hausomwi na kila mtu kuanzia kushoto. Nimewahi kukaa na mama aliyezoea kusoma herufi za Kiarabu. Alianza upande wa kulia, na kwa mpangilio wake mtoto alikunywa dawa kabla haijachanganywa. Alikuwa sahihi. Tukaweka picha kutoka juu kwenda chini na tukaweka namba, na tatizo likaisha.

Jaribu pia katika mazingira ambamo nyenzo itatumika. Bango libandike ukutani na urudi nyuma hatua kumi. Kipeperushi kitoe nakala nyeusi na nyeupe, kwa kuwa ndivyo kitakavyosambaa. Video itume mara tatu kwa simu, uone kama maandishi bado yanasomeka. Tangazo la redio lisikilize palipo na kelele.

Andika kila kilichosemwa, kilichobadilishwa, na ambacho hakikubadilishwa pamoja na sababu yake. Karatasi hiyo irudi kwa kundi. Rudia majaribio hadi raundi nzima ipite bila jambo jipya.

Hatua ya 8: Nani atasambaza, na kazi ni mali ya nani

Waulize wanakikundi lipelekwe wapi na libebwe na nani. Mara nyingi ukuta wa zahanati ndio mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu aliyefika pale ameshafika. Waliotunga watajwe kama wanataka, kwa jina la kikundi. Katika magonjwa yenye unyanyapaa wengi watapenda wasitajwe, na hilo liheshimiwe. Faili la kuchapia libaki kwao pia, ili wakihitaji nakala au lugha nyingine wasisubiri ofisi. Pembeni chini weka mwezi na mwaka wa kutolewa. Namba ya simu ikiwekwa, ipigeni kwanza.

Hatua ya 9: Rudi kuuliza

Baada ya wiki kadhaa rudi, na uulize mambo mawili: unakumbuka nini, na umefanya nini? Idadi ya vipeperushi vilivyogawiwa haijibu hata moja. BRAC waliweka utaratibu ninaoupenda sana: mfundishaji hakulipwa kwa nyumba alizopita, alilipwa kwa kiasi ambacho akina mama walikumbuka na kuchanganya ipasavyo, baada ya wakaguzi kutembelea baadhi ya kaya. Fedha ilifuata uelewa wa mama.

Utakayoyakuta yapeleke kwa kundi lilelile, hata kama ni mabaya, na mkae tena na penseli. Ratiba ya chanjo au kipimo cha dawa kikibadilika, pita na wanakikundi ukuta kwa ukuta mkiyabandua mabango ya zamani siku ileile mnayobandika mapya. Wao ndio wanaokumbuka yalibandikwa wapi.